Ulikula kwa nani?

Jana usiku binti yangu alinikuta jikoni nimesimama na glasi kubwa ya maji, simu nimeiegemeza kwenye sufuria inimulikie. "Mama, juu ya nini unamezaka dawa umesimama kama polisi?" Nikamwambia, "Ili ishuke." Akaridhika, akaenda kulala. Mimi nikabaki pale nusu saa nzima kama kawaida yangu. Baba yake huwa ananicheka.

Kiangazi cha 2008, Kadutu, mtaa wa Bukavu. Kikohozi kilikuwa kimekataa kutoka, na infirmie wa kituo cha afya akaniandikia doksisiklini: kapsuli moja ya miligramu 100 asubuhi, moja jioni, siku saba. Mengine aliyasema kwa mdomo. Meza ukiwa umekaa au umesimama, glasi nzima ya maji, usilale kabla ya nusu saa kwisha, na jua kali uliogope maana dawa hii hufanya ngozi iungue upesi. Hilo la jua nililishika kwa sababu lilihusu uso wangu. La glasi nzima niliona ni maneno ya watu wenye maji ndani.

Kwetu bomba lilikuwa na siku tatu halijakohoa hata tone. Ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote la Kivu limetandazwa kule chini, linang'aa. Ukigeuka ndani, mabidoni matupu. Jioni hiyo nilikula kwa mama jirani, bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Aliniita nikipita, kama alivyoniita mara nyingi tangu niko mtoto. Niliporudi nikajilaza, ndipo nikakumbuka dawa. Kwenye kikombe kulikuwa na funda moja. Nikameza na hilo hilo, nikageukia ukuta.

Saa nane usiku niliamka kama mtu aliyemeza pilipili nzima ikakwama katikati ya kifua. Mate yenyewe yalikuwa hayapiti bila kunitoa machozi. Tantine akaja na mshumaa, kikwembe amekifungia kifuani. Hakuniuliza naumwa wapi.

"Ulikula kwa nani?"

Aliyekulia Bukavu anajua kwamba hilo si swali la chakula. Nta ilikuwa inamdondokea kidoleni na yeye hakutikisa mkono. Alinitazama tu mdomoni, akingoja jina. Pakiti ya dawa ilikuwa pale juu ya kiti, karibu na kikombe kitupu, na mwanga wa mshumaa ulikuwa unaipiga. Niliiona. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba maumivu yalinipumbaza, kwamba haikunijia akilini kusema "nimemeza dawa bila maji." Labda ni kweli. Lakini niliiona pakiti, na bado nikalitaja jina la mama jirani, nikaongeza na sambaza bila kuulizwa.

Tantine akashusha pumzi kwa pua. "Haiko kikohozi hii. Ni karuho."

Karuho, ile sumu inayosemwa mtu hutiliwa kwenye chakula. Basi nikanyweshwa maziwa mpaka kulipopambazuka, kila funda likinichoma njia nzima, na mashauri yakaendelea barazani kwa sauti za chini ambazo kila mtu huzisikia.

Asubuhi infirmie aliuliza maswali mawili tu. Ulimeza na maji kiasi gani? Ukalala baada ya muda gani? Nilipojibu alitikisa kichwa, akaeleza: kapsuli ikikosa maji hujibandika kwenye umio, inayeyukia hapo hapo, na doksisiklini ina asidi, kwa hiyo inatoboa kidonda. Sumu ya mtu haimo. Kuhusu maziwa akacheka kidogo: hayaondoi kidonda, na ukiyanywa pamoja na dawa hii yanaila sehemu ya nguvu yake. Mimi nilitaka kuacha dawa zote siku ile ile. Akanikatalia, akanibadilishia nyingine nimalizie siku zilizobaki, na akasema siku nyingine dawa ikinisumbua nirudi kuuliza kabla ya kujiamulia. Wiki moja ya uji wa vuguvugu, nikapona.

Ila maneno yalikuwa yamekwisha kushuka ngazi kabla yetu. Tulipofika nyumbani mlango wa mama jirani ulikuwa umefungwa, mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilimwambia tantine alichosema infirmie, mara mbili.

"Infirmie anajua sindano," akanijibu. "Karuho ataijulia wapi?"

Mita kumi, labda kumi na mbili, kutoka mlango wetu hadi wake. Sikwenda. Kwanza koo lilikuwa linauma, kisha halikuuma tena na ikawa ni aibu, kisha mvua zikaanza na yeye akawa amehamia Bagira.

Nimemwona tena mara moja, miaka miwili iliyopita, sokoni Nyawera. Anauza sambaza. Sikumtambua mpaka aliposema, "Kifua kilipona?"

"Kilipona, Mama."

Akajaza kopo hadi pembeni, akamimina kwenye mfuko wangu, akaongeza viganja viwili vya matabishi. Nilikuwa na sentensi yangu tayari, nimeitembeza kichwani tangu 2008, lakini nyuma yangu mtu alikuwa ananisukuma kwa kikapu, na pesa ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Zikaange leo leo," mama akasema, akiipokea. "Zisilale."