Nilivyofufua nyasi za uwanjani bila kununua nyasi mpya

Nyumba tuliyohamia hapa Arusha ina uwanja mzuri mbele, ila nyasi zake zilikuwa zimebaki jina tu. Wapangaji waliotangulia walikuwa wakiegesha gari juu yake, wapita njia walishachonga njia ya mkato kutoka getini hadi bombani, na watoto wa mtaa mzima wanachezea mpira hapo. Mbele ya magoli palikuwa pamebaki kipara. Mvua ikinyesha maji yanatuama, jua likiwaka panapasuka.

Fundi wa bustani niliyemwita alitazama kidogo akasema, "Bosi, hapa tung'oe zote, tuweke mpya." Akanipigia hesabu kwa mita ya mraba. Nikamwambia nitamjulisha.

Nilimwagilia jioni, asubuhi nikachukua bisibisi ndefu nikaanza kuchoma ardhi. Karibu na uzio ilizama hadi kwenye mpini. Katikati ya uwanja iligoma baada ya vidole viwili. Udongo ni ule ule, na nyasi ni zile zile za kikuyu. Tofauti ni miguu na matairi. Udongo ukishindiliwa, zile nafasi ndogo za kupitisha hewa na maji zinazibana na mizizi inabaki juu juu. Hata magugu yalikuwa yanasema hivyo hivyo: pamejaa yale majani yanayofanana na ulezi, ambayo ukiyavuta yanakukatikia mkononi na shina linabaki. Hayo hustawi ardhi iliyokanyagwa. Kwa hiyo nyasi mpya zingewekwa juu ya udongo ule zingefika kiangazi, zikaishia pale pale.

Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Alinitengenezea kifaa cha vipande viwili vya bomba la chuma la nusu inchi, midomo imekatwa mshazari, ubavuni kuna mwanya, juu kuna chuma cha kukanyagia na mpini. Wengi hutoboa kwa nondo au uma wa bustani, na si vibaya, lakini nondo inausukuma udongo pembeni na kuta za shimo zinazidi kubanana. Bomba linautoa nje kabisa. Unakanyaga, unavuta, unasogea. Ukikanyaga tena, kile kipande cha mwanzo kinasukumwa na kinachofuata, kinadondoka majanini kama kipande cha muhogo.

Nilisubiri masika yaanze, maana hapo ndipo kikuyu inapokimbia. Siku ya kutoboa udongo uwe na unyevu wa kiasi: ukiufinya ushikane, ukiudondosha uvunjike. Ukiwa tope, wewe mwenyewe ndiye unayeushindilia upya. Mashimo yangu yalikuwa na kina cha kama sentimita 10, umbali wa shubiri au pungufu, na mbele ya magoli nilipita mara mbili. Ni kazi ya mgongo, sikudanganyi. Vile vipande vilipokauka nilivivunja kwa mgongo wa reki.

Juu yake nikatandaza samadi iliyooza vizuri, niliyoichuja kwa chekecheke la mchanga. Samadi mbichi usiiguse, inakuletea mbegu za magugu kutoka kwenye zizi la mtu. Unene ni kama sentimita moja, ncha za majani zichungulie. Kuna walionishauri nimwage mchanga peke yake. Kwenye udongo wa mfinyanzi, mchanga kidogo ukichanganyika nao unaweza kukupa kitu kigumu zaidi ya ulichokuwa nacho, kwa hiyo nikaachana nao.

Kwenye vipara nilipanda vikonyo nilivyovikata pembeni, ambako nyasi zilikuwa zinavamia maua. Pingili mbili chini, ncha nje, kisha maji kila siku hadi vishike. Mbolea ya kukuzia ya CAN nilinyunyiza kidogo baada ya majani mapya kutoka, nikamwagilia papo hapo ili isiunguze.

Ugomvi uliobaki ulikuwa wa slesha. Kijana anayetusaidia alizoea kufyeka hadi udongo uonekane, "ili ikae muda." Tumekubaliana asizidi theluthi ya urefu wa jani, na nyasi zibaki kama sentimita 5. Inabidi akate mara nyingi zaidi, na malipo nimeongeza. Watoto sikuwafukuza; magoli yao ni mawe, kwa hiyo tunayahamisha kila baada ya muda, wakishambulia leo upande wa uzio, mwezi ujao upande wa geti. Njia ya mkato nayo nimeihalalisha kwa mawe bapa niliyoyazamisha usawa wa ardhi, kwa sababu hakuna anayezunguka akiwa na ndoo kichwani.

Chini ya mparachichi nimesalimu amri. Kikuyu haipendi kivuli, na mizizi ya mti inakunywa kila tone. Hapo nimetandaza maranda, na ndipo baiskeli zinapoegeshwa.