Taka za mashine ya kusokota

Kiangazi kimeshika. Vumbi la njia ya kwenda Igoma, hapa Mwanza, linaingia mpaka kwenye masufuria, na ndani ya ukumbi wa kusokota uzi hewa imekauka kiasi kwamba ukipitisha mkono karibu na rola, malaika ya mkono yanasimama. Sisi wa kuondoa taka na kuunga nyuzi hatuhitaji kuambiwa maana yake. Pamba ikikauka inapungua nguvu, na umeme tuli unazifanya nyuzinyuzi zikimbiane badala ya kulala pamoja. Uzi unakatika huku, unakatika kule, shifti nzima huna pa kuegemea.

Ukumbi wa kusokota unatakiwa uwe na unyevu wa asilimia 55 hadi 60 hivi. Kuna mitambo ya kunyunyiza ukungu wa maji kutoka juu. Ikifanya kazi vizuri tunashukuru, ikilegea tunakoma. Watu wa nje hunishangaa: mnaishi kando ya Ziwa Victoria, mnakosaje unyevu? Lakini ukumbi umefungwa, na mota zinatoa joto mchana na usiku. Ziwa lina habari gani na sisi.

Hayo nimeyatanguliza ili nieleweke kwa hili lililonikaa rohoni wiki nzima. Tumepokea vijana wapya. Mmoja wao, wa kutoka Magu, saa ya chakula aliulizwa na wenzake amepangiwa wapi, akajibu huku anaangalia sahani, "Nimepewa usafi." Wakacheka. Waliopangiwa kubadilisha bobini, yaani vibiringo vya kuzungushia uzi, walijiona wamepata kazi, mwenzao kapata ufagio. Iliniuma. Hiyo ndiyo kazi yangu kwa miaka mingi, na ninaijua kuwa ni ya ufundi.

Ngoja niieleze kwa ambaye hajawahi kuingia humu ndani. Mashine moja ina mamia ya spindeli, yaani vyuma vyembamba vinavyozungusha bobini, zilizopangwa pande mbili. Juu kuna bobini nene za rovingi, yaani utepe wa pamba uliopindwa kidogo tu. Ukiuvuta kwa vidole unaachana. Utepe huo unapita katikati ya jozi za rola. Rola za mbele zinazunguka kasi kuliko za nyuma, kwa hiyo utepe unavutwa mpaka unakuwa mwembamba. Ukitoka hapo unashuka, unapita kwenye kipete kidogo cha chuma kinachokimbia kuzunguka ringi, unapata msokoto na kujizungushia kwenye bobini ya chini. Spindeli inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Pamba inageuka uzi mbele ya macho yako, kwenye nafasi fupi kuliko mkono wako.

Sasa uzi ukikatika, rola hazijui. Zinaendelea kutema pamba. Chini ya rola ya mbele kuna mdomo wa bomba linalofyonza, na kazi yake ni kuimeza hiyo pamba isiyo na mwenyewe na kuipeleka kwenye sanduku lililo mwisho wa mashine. Bomba likiwa na nguvu, unakuja, unaunga, unaondoka. Likiziba, au sanduku likijaa na hakuna aliyelimwaga, pamba inajiviringisha kwenye rola, inakaza, inanenepa mpaka inaiinua rola ya juu na kumvuruga jirani wanayeshirikiana naye mhimili mmoja. Au inarukia uzi wa pembeni na kusokoteka humo, uzi ukatoka mnene kama utambi wa taa. Ncha iliyokatika nayo inapepea na kuwachapa majirani, nao wanakatika. Umeacha mmoja, ukigeuka unakuta watano.

Kuunga ndiko ninakokupenda kuliko yote. Unafunga breki ya spindeli kwa goti, unachomoa bobini, unatafuta ncha. Mara nyingi huioni. Unaipapasa kwa kidole gumba mpaka inainuka. Unavuta uzi kiasi, unaupitisha kwenye kipete, unarudisha bobini, unaachia goti, na uzi unapoanza kukaza unaugusisha kwenye pamba inayotoka rola ya mbele. Unadakwa. Ukichelewa kidogo tu unapata kifundo, na kifundo hicho hakipotei. Kitakata uzi kule kwenye kufuma, au kitapita salama na kwenda kuonekana kwenye khanga ya mtu, katikati ya mji wake pale panapopendeza. Ukiniona kwenye maduka ya Makoroboi napitisha vidole kwenye kitambaa kabla ya kuuliza bei, ndicho ninachokitafuta.

Halafu kuna hiyo pamba iliyojiviringisha. Vijana wote hukimbilia wembe, kwa sababu wembe ni wa haraka. Mashine ikishasimama, unanyanyua mkono unaobana rola, unaitoa rola ya juu, unaingiza ndoano yenye ncha butu chini ya pamba na kuivuta mpaka inafunguka yenyewe. Inachukua muda. Rola ile imevikwa mpira, na mpira ukipata mchano, hata usioonekana kwa macho, unaanza kudaka nyuzinyuzi. Kesho pamba itajiviringisha palepale, na keshokutwa. Nimeona mashine ambayo spindeli zilezile zilisumbua kila uchao, watu wanailaumu pamba, wanalaumu hewa, wengine wanataja hata mkono wa mtu mbaya, kumbe ukiiweka rola kwenye mwanga unaona alama za wembe wa siku nyingi.

Ndiyo maana taka ninazotoa huwa nazitazama kabla hazijaingia kwenye mfuko. Spindeli moja ikikata mara kwa mara peke yake, nakwenda kuangalia kipete: kimelika, au ringi imechakaa, au spindeli haijakaa katikati ya ringi na inatetemeka. Upande mzima ukikata, naanza na sanduku na bomba. Mashine zote zikikata kwa pamoja, basi kosa halipo kwetu, limetoka nyuma, kwenye kadi, yaani mashine ya kuchana pamba kwa meno, au kwenye robota la pamba lenyewe, au ni hewa. Fundi anayekuja bila kuuliza watu wa taka atafungua bolti nyingi bure. Nasema hivi kwa heshima zote, mafundi wetu wengi ni wazuri. Lakini wachache wanauliza.

Huyo kijana wa Magu alianza kunielewa juzi. Mitambo ya ukungu ilikuwa imetengenezwa, hewa imepata unyevu, nyuzi zikatulia karibu ukumbi wote, isipokuwa mashine mbili zikaanza kujiviringisha ovyo. Akaniletea konzi ya pamba kutoka kwenye rola. "Mama, hii mbona inanata?" Nikaishika. Ilikuwa inanata kweli, na inaacha utando kwenye vidole. Nikamwambia hiyo ni sukari ya wadudu. Vidukari na inzi weupe wananyonya majani ya mpamba, wanatoa maji matamu, yanadondokea pamba iliyokwisha funguka shambani. Hewa ikiwa kavu pamba ya namna hiyo inaweza kupita kimyakimya. Unyevu ukipanda ndipo inajitaja. Nilimpeleka kwa msimamizi na ile konzi mkononi, akaieleza mwenyewe. Marobota ya siku ile yametengwa ili yaingizwe kidogo kidogo pamoja na pamba nyingine. Kazi ya usafi ndiyo iliyoona hilo.

Jambo la pamba chafu linanigusa kwa sababu nimekulia Kwimba, nyumba iliyolima pamba. Mama alikuwa anamwaga mavuno kwenye mkeka tunachambua wote, safi huku, fifi kule, na ole wako uchanganye. Pamba fifi bei yake ni ya chini, lakini mama hakuwa anaogopa bei tu. Aliona aibu kupeleka uchafu mizani. Leo kwenye taka zangu nakuta mchanga, nakuta vipande vya majani, na kibaya kuliko vyote nakuta nyuzi za plastiki za viroba. Mkulima anavuna kwenye kiroba cha plastiki, kinachanika, nyuzi zake zinaingia kwenye pamba. Mashine zetu hazizitambui. Zinasokotwa humohumo, na kitambaa kikipelekwa rangi, plastiki inakataa rangi, inabaki mstari mweupe kwenye khanga nyekundu. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, hapo Misungwi, wamehangaika miaka na miaka kutupatia mbegu nzuri, UK91, kisha UKM08, halafu kiroba kimoja kinaharibu. Natamani kila AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, iwe na mama yangu mlangoni.

Niseme na habari ya mifuko, maana hapa ndipo watu wanapozembea. Taka za kusokota hazifanani. Pamba ya kwenye sanduku la kufyonza bado ni pamba, haijapata msokoto kamili. Ikikusanywa safi inarudishwa kwenye mashine za mwanzo, kwa kiasi kidogo, ichanganyike na pamba mpya. Uzi uliokwisha sokotwa ni kitu kingine. Ukiutupa kwenye mfuko uleule, utakwenda kukwama kwenye meno ya kadi, na usipokwama unazaa vinundu. Huo unawekwa peke yake, na wanaununua watu wa gereji kwa kufutia grisi. Za sakafuni, zenye vumbi na mafuta, hazirudi popote karibu na uzi. Mifuko mitatu, na kila mmoja ukae mahali pake mbali na mota, kwa sababu pamba iliyolegea ikipata cheche haitoi onyo.

Kwa upande wa vumbi sina maneno laini. Asubuhi ya kwanza baada ya mapumziko, kifua kinabana. Siku zinazofuata kinalegea, tunasahau. Hicho si kikohozi cha hewa ya Mwanza wala mafua ya watoto. Ni ugonjwa unaojulikana duniani kote kwa watu wa pamba, madaktari wanauita bisinosi, na dalili yake ya mwanzo ni hiyohiyo ya kubana siku ya kwanza ya kurudi kazini. Ukiuacha miaka, kubana kunahamia siku zote. Kwa hiyo ninapoona mtu anasafisha mashine kwa upepo wa kompresa, anapuliza manyoya hewani yaturudie puani na kwenye nyuzi za jirani, huwa namzuia hata kama ni mkubwa wangu kicheo. Tumia brashi, tumia mashine ya kufyonza. Dada zangu wanaofunga ncha ya mtandio puani wanajitahidi, lakini mtandio hauzuii vumbi jembamba lile.

Na kusafisha mashine ikiwa inazunguka. Nilipowahi kufanya kazi kiwanda kingine, tuliambiwa kusimamisha mashine ni kupoteza uzi. Mwenzangu mmoja aliingiza vidole kutoa pamba kwenye gia za mwisho, kifuniko kikiwa kimeondolewa. Alirudi kazini na mkono pungufu, akapangiwa getini. Hakuna aliyeandika popote kwamba aliambiwa afanye haraka.

Uingereza, mashine za kusokota zilipoanza kuenea, kazi hii ilifanywa na watoto. Walikuwa wanatambaa chini ya mashine huku sehemu yake ya mbele inakwenda na kurudi juu yao, wanazoa pamba iliyodondoka, na wenzao wanaunga nyuzi zilizokatika. Ilibidi sheria ya mwaka 1833 iseme kwamba mtoto wa chini ya miaka 9 asiajiriwe kwenye viwanda vile, na ikaweka wakaguzi wa kulisimamia hilo. Walichagua watoto kwa sababu ni wadogo wa umbo na mshahara wao mdogo. Nikilifikiria hilo, najua ile tabia ya kumpa kazi ya taka mtu asiye na sauti ilianza zamani sana.

Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wawakilishi wa usalama tunao. Leo mchana nimeandika barua kwao, kurasa mbili za daftari la shule la mwanangu. Nimeomba sanduku la kufyonza limwagwe kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, isiwe kwa hisani ya anayepita. Nimeomba barakoa za kuzuia vumbi jembamba kwa watu wote wa ukumbi, na vipimo vya kifua kwa waliokaa muda mrefu, kuanzia na sisi akina mama wa shifti ya usiku. Nimeomba wembe zikusanywe, kila mtu apewe ndoano yake. Na nimeomba vijana wote wapya, wakiwemo wa bobini, waanzie kwenye taka kabla ya kupelekwa pengine. Yule wa Magu amesema atasaini na yeye.