Törbel, kijiji cha mteremkoni

Jana basi lilinipandisha hadi Törbel, jimbo la Valais, Uswisi, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kona zile, jamani! Nusu ya safari nilifumba macho. Kilichoniteka ni maghala ya nafaka, mbao zake zimekuwa nyeusi kwa jua, yamesimama juu ya miguu. Kila mguu una jiwe bapa la mviringo kichwani, panya akipanda agonge mwamba. Mwaka 1517 wanakijiji waliandika sheria: usipeleke malishoni mlimani ng'ombe wengi kuliko unaoweza kuwalisha majira ya baridi. Yaani nyasi zako za ghalani ndizo zinazokuhesabia mifugo. Mie mjukuu wa mfugaji nikacheka peke yangu, nikamkumbuka babu na kesi zake za malisho.