Moja Mara Tano

Nilisimama getini miaka mitatu kabla sijaingia darasani. Kazi yangu ilikuwa kushika kile kifimbo cha kukagulia chuma, kufungua mabuti ya magari na kuchungulia mikoba ya watu kwenye duka moja kubwa la Mombasa. Septemba 2013 wauaji walivamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, wakaua watu 67, na baada ya hapo kila mwenye jengo alitaka askari zaidi mlangoni. Mimi lilikuwa linanikera swali moja. Kifimbo kikilia, kisha nifanye nini? Hakuna aliyewahi kuniambia. Nikajikusanyia karo, nikajiandikisha kozi ya miezi sita ya uchambuzi wa hatari za usalama, jioni baada ya zamu na Jumamosi kutwa.

Mkufunzi wetu alikuwa ofisa mstaafu. Sote tulimwita Afande, hata wale waliomzidi umri.

Kitu kikubwa cha kozi ile kilikuwa jedwali. Upande mmoja unaandika uwezekano wa jambo kutokea, kuanzia 1 hadi 5. Upande wa pili uzito wa madhara yake, vilevile 1 hadi 5. Unazidisha. Jibu likiwa dogo kisanduku ni kijani, likipanda ni manjano, likifika 15 na kuendelea ni chekundu. Nililipenda siku ileile. Miaka yote ya getini nilikuwa nikiviogopa vitu vyote kwa kiasi kimoja, begi la mtoto wa shule na lori lisilo na namba. Sasa nilikuwa nimepewa mizani.

Lakini Afande hakuanza na jedwali. Alianza na Agosti 7, 1998, kona ya Haile Selassie na Moi Avenue, Nairobi. Alituchorea ubaoni jengo la ubalozi wa Marekani na jinsi lilivyokuwa karibu na barabara, akachora Ufundi House ubavuni, akachora lori likiingia kwa nyuma. Askari wa pale walikataa kufungua kizuizi, akasema, na hilo msilisahau, wale walikuwa watu wa kazi kama yenu. Likarushwa guruneti. Watu maofisini wakasikia mlipuko, wakafanya jambo ambalo binadamu yeyote angelifanya: wakaenda dirishani kutazama. Bomu lenyewe lilipolipuka walikuwa wamesimama nyuma ya vioo. Zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi siku hiyo, na wengine wengi walipoteza macho. "Hatari si lori peke yake," alisema. "Ni lori, na kioo, na mtu aliyesogea dirishani. Mkiniandikia lori tu, mmeniandikia theluthi."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Nilidhani nimeyaelewa.

Likizo ya Aprili 2014 tulipewa kazi ya nje. Kundi letu la watu wanne, mimi nikiwa kiongozi, lilipangiwa shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji. Wanafunzi walikuwa makwao. Tulikuwa na siku mbili za kukagua na moja ya kuandika ripoti. Naibu mwalimu mkuu alitupokea vizuri, akatutembeza mwenyewe, na kilio chake kilikuwa kimoja: wezi. Muhula uliopita magodoro yalipitishwa dirishani usiku, bweni la tatu, wasichana wakiwa darasani wakidurusu. Alituonyesha dirisha lenyewe.

Tukafanya kazi, na tuliifanya kwa bidii. Tulipima ukuta wa nyuma uliobomoka, tukahesabu taa za nje zisizowaka, tukaandika saa za zamu za mlinzi. Usiku nikajaza jedwali. Wizi bwenini: uwezekano 4, madhara 3, jumla 12. Wageni kuingia bila kuandikishwa: 9. Moto bwenini: uwezekano 1, madhara 5, jumla 5, kijani. Mapendekezo yangu ya kwanza yalikuwa kuongeza nondo kwenye madirisha ya bweni la tatu na kutia kufuli la pili mlangoni.

Afande aliisoma ripoti akiwa amesimama kwenye varanda ya lile bweni. Alifika kwenye jedwali, akaweka kidole.

"Hii moja umeitoa wapi?"

"Shule haijawahi kuungua, Afande."

"Bombolulu, kabla haijaungua, ilikuwa imewahi kuungua?"

Mimi ni mtoto wa Mazeras. Machi 1998 nilikuwa darasa la tatu, na shule ya wasichana ya Bombolulu ilikuwa upande wetu. Mama yangu alikuwa akiuza maembe na mabuyu kando ya barabara, na wale wasichana walikuwa wateja wake. Bweni liliungua usiku, milango imefungwa, madirisha yana vyuma. Walikufa zaidi ya 20. Nakumbuka mama aliporudi asubuhi hiyo na beseni lake, maembe yote yamo, akaliweka chini mlangoni, asiseme kitu mpaka jioni. Nilikua na jambo hilo. Na bado mkono wangu uliandika 1, kwa sababu naibu alinionyesha dirisha la wezi na mimi nikatazama alikonionyesha.

Afande hakunigombeza. Alikwenda kuzungumza na naibu, akamwita na mzee mlinzi, kisha akatuambia sisi wanne tuingie bwenini. Ilikuwa saa moja usiku na umeme ulikuwa umekatika. Akafunga mlango kwa nje kwa kufuli lilelile linalofungwa kila siku, akamrudishia matroni ufunguo aende nao nyumbani kwake, ng'ambo ya uwanja. Tukakaa. Baada ya muda tukasikia sauti ya Afande nje: "Pigeni kelele. Mzee, kalete ufunguo."

Tulipiga kelele. Mwenzangu aliwasha saa ya simu, na mwanga ule mdogo ndio tuliokuwa nao. Vitanda vya deka vilikuwa vimebanana kiasi kwamba tulilazimika kupita ubavu-ubavu. Nikagonga goti, mtu nyuma yangu akanikanyaga. Watu wanne, wazima, wasio na moshi kifuani. Niliufikia mlango nikausukuma, nikakumbuka kwamba hata ungekuwa wazi unafunguka kwa ndani. Watu 60 wakiulalia hauvutiki. Nikaenda dirishani. Nondo za milimita 12, zimechomelewa kwenye fremu. Nilizishika kwa mikono miwili nikatikisa kwa nguvu zangu zote, na kilichotikisika kilikuwa mabega yangu.

Mzee alirudi mbio, tukamsikia anavyohema. Akajaribu ufunguo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mlango ulipofunguka simu ilisoma dakika sita na sekunde arobaini.

Alikuwa ameshika magoti, jasho linamtiririka. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nilishawaambia. Kila usiku namwomba Mungu kwa ajili ya hilo kufuli."

Siku mbili nilikuwa nimempita pale getini. Nilimwuliza zamu yake inaanza saa ngapi. Sikumwuliza anaogopa nini.

Usiku ule Afande alitoa mkobani mwongozo wa usalama shuleni, ule wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2008, tukausoma kwa tochi. Mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5 na ufunguke kwa nje, wala usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwamo. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda, mita 1.2. Nikachukua utepe uleule niliopimia ukuta, nikapima: sentimita 55. Kisha akatutajia shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001. Wavulana 67 walikufa kwa moto bwenini. Idadi ileile ya Westgate, na mimi niliyekwenda kusoma kwa sababu ya Westgate sikuwahi kuziweka hesabu hizo mbili pamoja.

Tuliandika ripoti upya mpaka alfajiri. Moto ukapanda hadi 15. Pendekezo la kwanza likawa kukata nondo, la pili kugeuza mlango na kutia komeo la ndani, la tatu kumpa mlinzi ufunguo wake. Wizi wa magodoro tuliupeleka kwenye ukuta na taa, mahali pake.

Naibu aliposoma alinyamaza kidogo, akauliza, "Na magodoro yakiibwa tena?" Nilimjibu kwamba yataibwa. Kisha nikamwomba aingie bwenini tumfungie.

Aliingia. Alikaa humo dakika mbili.

Julai nilipita shuleni kuchukua barua ya kuthibitisha mazoezi yangu. Mlango ulikuwa umegeuzwa. Nondo zilikuwa zimeondolewa madirisha manne kati ya manane, pesa zilikuwa zimeishia hapo, na kwenye fremu vilibaki visiki vya chuma vyeusi, bado havijapakwa rangi. Mzee alinionyesha ufunguo. Alikuwa ameutunga kwenye kamba ya katani, ameuvaa shingoni, ndani ya shati.