Siku moja maabara: mirija minne ya mtu aliyegundulika na VVU leo

Saa 1:00 asubuhi

Kazi inaanzia kwenye friji. Vitendanishi (kemikali na vifaa vya kupimia) vingi vinataka nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na kipimajoto cha kuaminika ni kile chenye kumbukumbu ya kiwango cha juu na cha chini kilichofikiwa usiku. Ukikuta sasa kinasoma 5 lakini kilele cha usiku kilikuwa 14, ujue umeme ulikatika ukarudi wakati hapakuwa na mtu. Vitendanishi hivyo vinatengwa kwanza.

Kisha kontroli, yaani sampuli ambazo majibu yake yanajulikana tayari, ya chini na ya juu, kwa kila mashine itakayotumika. Kontroli moja ikivuka mikengeuko sanifu 2 (kipimo cha namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) kwenye chati ni onyo. Ikivuka 3, hakuna jibu la mtu linalotoka mpaka chanzo kijulikane. Kosa la siku zote ni kurudia kontroli ileile mara tatu, mara nne, mpaka ikubali. Hapo hujapima kitu, umebahatisha tu, na namba zote za siku hiyo zimejengwa juu ya bahati.

Saa 2:10 asubuhi

Mteja wa kwanza ameletwa kutoka chumba cha ushauri nasaha. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri vipimo vitatu tofauti vya haraka, kimoja baada ya kingine, na vyote vionyeshe chanya kabla ya mtu kuambiwa ana VVU. Kabla ya kuanza dawa anapimwa upya kwa damu mpya, ikiwezekana na mtu mwingine. Vipimo vyenyewe ni vizuri. Hofu yetu ni mezani, pale vitendanishi viwili vinavyofanana vinapolazwa bila namba na jibu la huyu likaandikwa kwa yule. Kupima upya kunanasa kosa la aina hiyo.

Kila kipimo kina dakika zake: kimoja husomwa baada ya 15, kingine 20. Weka saa ya kengele kwa kila kimoja. Mstari hafifu uliotokea ndani ya muda ni mstari, usiujadili. Mstari uliotokea baada ya muda wake kupita hauna maana, kwa sababu kipande kikikauka kinaweza kujichora chenyewe. Mstari wa kontroli usipotokea, kipimo kimekufa hata kama mstari wa mgonjwa unang'aa.

Yapo makundi mawili ambayo vipimo hivi haviwafai. La kwanza ni watoto chini ya miezi 18, ambao bado wanabeba kingamwili za mama, na kingamwili ndizo vipimo hivi vinazotafuta. Hao wanahitaji PCR inayotafuta kirusi chenyewe. La pili ni mtu ambaye tayari anatumia ARV na amekuja "kuhakikisha". Dawa zikianzwa mapema, kingamwili zinaweza kubaki chache mno, kipimo kikasoma hasi, na mtu akaacha dawa akidhani amepona.

Saa 3:00 asubuhi

Kutoa damu. Ukituuliza ni wapi majibu mengi yanaharibikia, tutakuonyesha kiti hiki, si mashine.

Mirija ni minne na mpangilio wake una sababu. Unaanza na wenye kifuniko chekundu kwa ajili ya seramu (maji ya damu baada ya kuganda): kreatinini (taka ya mwili inayoonyesha hali ya figo), kimeng'enya cha ini ALT, homa ya ini B na C, kaswende. Kisha ya zambarau miwili yenye EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), mmoja wa CD4 (chembe nyeupe za kinga ambazo VVU inazishambulia) na picha kamili ya damu, mwingine wa wingi wa virusi. Wa mwisho ni wa kijivu, wa sukari. Ukigeuza mpangilio, dawa ya kuzuia damu isigande inahama kutoka mrija mmoja kwenda mwingine.

EDTA ya kwenye mrija wa zambarau ni chumvi ya potasiamu, na inafanya kazi kwa kukamata kalsiamu. Kwa hiyo mtu "akisaidia" kwa kumimina damu kutoka zambarau kwenda nyekundu iliyopungua, seramu itasoma potasiamu ya kutisha na kalsiamu karibu na sifuri. Mtu mwenye namba hizo kweli asingekuwa amekaa kwenye kiti akisoma ujumbe kwenye simu. Tukiona jozi hiyo tunaomba damu mpya bila mjadala.

Kamba ya mkono isikae zaidi ya dakika moja. Mirija ya zambarau ijae hadi alama, kwa sababu ukijaza nusu EDTA inazidi na chembe zinasinyaa. Pindua taratibu mara 8 hadi 10 mara tu damu inapoingia, usitikise. Ukitikisa, chembe nyekundu zinapasuka. Usipopindua, vinatokea vibonge vidogo vya damu iliyoganda, vinanasa chembe nyeupe, na CD4 inashuka kwa uongo. Jina, namba na saa ya kutoa damu vinaandikwa mbele ya mwenyewe, mrija ukiwa na damu. Mrija ulioandikwa jina mapema ukabaki mtupu ni mtego.

Saa ya kutoa damu ndiyo inayosahaulika kuliko yote, na mchana wote tutakuwa tunaihitaji.

Saa 4:00 asubuhi

CD4. Mrija huu haulali kwenye friji; unakaa kwenye joto la chumba na unapimwa ndani ya saa 48, au muda ambao mashine husika inaruhusu. Baridi inabadilisha chembe nyeupe kiasi kwamba mashine inashindwa kuzitambua vizuri.

Tangu 2015 ushauri wa WHO ni kumwanzishia dawa kila mwenye VVU bila kujali CD4, ndiyo maana wengine wanauliza kwa nini bado tunaihesabu. Jibu ni kwamba CD4 haimpi mtu ruhusa ya dawa tena, ila inaonyesha ni nani anaweza kufa ndani ya miezi michache ijayo kwa ugonjwa ambao bado haujatafutwa. Mpaka ni 200 kwa maikrolita. Chini ya hapo, au dalili za hatua ya 3 au ya 4 kwa mgawanyo wa WHO, ni ugonjwa uliokomaa, na maabara inaongeza vipimo siku hiyohiyo. Mtoto wa chini ya miaka 5 aliyegundulika leo anahesabiwa kundi hilo moja kwa moja.

Tuseme imesoma 86. Hatusubiri daktari aombe. Seramu ipo, inaingia kwenye kipimo cha antijeni ya kriptokoka, fangasi anayeweza kushambulia utando wa ubongo. Tone moja la kimiminika cha kuchanganyia, maikrolita 40 za seramu, chomeka kipande, soma baada ya dakika 10. Likitoka chanya tunapiga simu, karatasi itafuata. Mtu huyu inabidi achunguzwe maji ya uti wa mgongo, na kama fangasi wamefika kwenye utando wa ubongo, ARV zinasogezwa mbele wiki 4 hadi 6. Zikianzwa mapema, kinga inayoamka inaweza kuvimbisha ubongo. Jambo la kuangalia: antijeni ikiwa nyingi kupita kiasi, mstari unaweza kufifia au kutotokea kabisa. Fomu ikisema mtu anaumwa kichwa sana na kipimo kikasoma hasi, punguza makali ya seramu na urudie.

Wakati huohuo mkojo unaingia kwenye kipimo cha LAM (kijenzi cha ukuta wa bakteria) cha kifua kikuu: maikrolita 60, dakika 25, ulinganishe na kadi iliyokuja na pakiti hiyo, si ya pakiti iliyokwisha mwezi uliopita. Hasi hapa haiondoi kifua kikuu. Makohozi bado yanakwenda kwenye mashine ya molekuli, inayotafuta vinasaba vya bakteria.

CD4 ya asubuhi huwa chini kuliko ya jioni, na homa ya wiki hii inaweza kuishusha kwa muda. Kutoka 310 hadi 270 si kuporomoka. Ndiyo maana ya saa iliyoandikwa kwenye mrija.

Saa 5:40 asubuhi

Seramu ya kemia. Kreatinini ndiyo tunayoikazia macho, kwa sababu tenofovir, mojawapo ya ARV, inapita kwenye figo. Namba peke yake haitoshi. Lazima ukokotoe kasi ya figo kuchuja, na kwa hilo fomu iwe na umri na jinsia, kwa kanuni nyingine na uzito. Ikiwa chini ya mililita 50 kwa dakika, tenofovir ya kawaida haianzishwi.

Kinachowatia watu hofu bure ni kreatinini ya mwezi wa kwanza. Dolutegravir, ARV nyingine, inazuia figo kuitoa kreatinini kwa njia yake ya pembeni, kwa hiyo inapanda kidogo ndani ya wiki nne za mwanzo kisha inatulia, na uchujaji wenyewe haujaguswa. Bila namba ya siku ya kwanza huwezi kutofautisha kupanda huko na figo inayoumia. Ikiendelea kupanda baada ya kutulia, hiyo ni habari nyingine.

Homa ya ini B isirukwe. Tenofovir na lamivudine zinakandamiza virusi vyote viwili, na mtu akibadilishiwa dawa bila kujulikana ana B, ini linaweza kuwaka. Kaswende: kipimo cha haraka hubaki chanya miaka na miaka baada ya tiba, kwa hiyo chanya inafuatiwa na RPR, kipimo cha damu kinachoonyesha kiwango cha kingamwili, kabla ya kusema ni mpya. Sukari ya mrija wa kijivu inapimwa leo ili baadaye isisemwe dawa ndizo zilizoileta. Himoglobini inabeba uzito zaidi pale zidovudine, ARV inayoweza kupunguza damu, inapofikiriwa.

Saa 7:15 mchana

Mrija wa pili wa zambarau. Ulitolewa saa 3:05. Plazma inatakiwa itenganishwe ndani ya saa 24, na baadhi ya mashine zinadai ndani ya saa 6 ikiwa damu ilikaa kwenye joto la chumba. Tuko salama.

Sentrifuji inawekwa kwa nguvu ya g, si kwa mizunguko. Mizunguko 3,000 kwa dakika kwenye rota ya nusu kipenyo cha sentimita 10 inatoa takribani g 1,000. Kwenye ya sentimita 15 inatoa takribani 1,500. Kunakili "3,000" kutoka ukutani kwa jirani ni kunakili mashine ya jirani. Ikisimama, pipeti inachota plazma ya juu na kuacha tabaka la milimita kadhaa juu ya utando mweupe. Tamaa ya kuchota mpaka tone la mwisho inabeba chembe nyeupe, zenye DNA ya kirusi iliyojichomeka humo, na jibu linapanda bila virusi kuwepo kwenye plazma. Mrija wa kijani wenye heparini (dawa nyingine ya kuzuia damu isigande) haupokelewi kabisa hapa: heparini inazuia PCR.

Damu ya kituo cha mbali isiyoweza kufika kwa wakati inakuja kama matone makavu kwenye kadi yenye duara tano, kila moja takribani maikrolita 70. Duara lijae hadi upande wa pili bila kudondoshea tone juu ya tone, kisha likauke angalau saa 4, vizuri zaidi usiku kucha, mbali na jua. Kadi iliyofungwa ikiwa na unyevu inakataliwa.

Saa 9:20 alasiri

Majibu ya wingi wa virusi ya walioanza dawa miezi 6 iliyopita. Ratiba ni mwezi wa 6, wa 12, kisha kila mwaka. Zaidi ya nakala 1,000 kwa mililita, mtu anapewa ushauri wa ufuasi wa dawa na kupimwa tena baada ya miezi 3. Kati ya kuonekana na 1,000, virusi vimefubazwa lakini vipo. "Chini ya 50" na "havikuonekana" si maneno yaleyale: la kwanza linaweza kumaanisha mashine imeona kitu ila kichache mno kuhesabika. Tunaandika kama mashine ilivyosema, hatufupishi.

Tofauti ya mara mbili, tuseme 12,000 na 24,000, inaweza kuwa ya kipimo chenyewe. Tunaanza kuiamini ikifika mara tatu, yaani nusu logi (logi moja ni mara kumi).

Saa 10:45 jioni

Sampuli zilizokataliwa leo zinaandikwa na sababu zake: mbili zimeganda, moja haina saa, moja jina la fomu halifanani na la mrija. Vituo vinapigiwa leo, wakati mtu bado anakumbukwa alikaa kiti gani. Plazma inaingia kwenye friji, na isipopimwa ndani ya siku 5 inagandishwa. Kadi za matone zinabaki kwenye rafu usiku kucha, na kipimajoto cha friji kinafutwa kumbukumbu yake ili kianze kuhesabu usiku upya.