Kupunguzwa kazini baada ya miaka mingi stoo: nilivyoamua cha kufanya

Kiwanda cha Dar es Salaam nilichokitunzia stoo tangu ujana kilipopunguza watu, ushauri ulimiminika: nunua bajaji, fuga kuku, fungua duka. Kila mshauri alishazipangia kazi fedha ambazo mimi mwenyewe sijazipokea.

Nilianza na haki zangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa kiinua mgongo cha angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, lakini hesabu inaishia miaka 10. Ukikaa 20, unalipwa ya 10. Bajaji ikafutika hapo hapo. Nikadai pia notisi, likizo niliyokuwa sijachukua na cheti cha utumishi, kisha nikaenda NSSF kuulizia fao la kukosa ajira. (Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kufika CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi. Usizichezee.)

Fedha zilipoingia, kodi ya nyumba na ada za watoto zilitengwa kwanza. Zilizobaki sikuzigusa.

La kufanya nililipata kwenye simu yangu. Waliokuwa wakinitafuta ni wenye maduka ya jumla Kariakoo: mzigo unapungua, hawajui unapotelea wapi. Nikaanza kuwahesabia mali kwa malipo ya kazi moja moja, daftari na kikokotoo tu. Duka la vipuri likanipa kazi ya kila mwisho wa mwezi, jirani yake naye akaniita. Jioni najifunza Excel. Mwalimu ni binti yangu, na ni mkali.