Chai, Chai, Chapati: Jinsi Bendi Yetu Ilivyoacha Kupiga Kura

Ushauri wa kwanza tuliopewa kuhusu kutunga nyimbo pamoja ulikuwa tupigie kura kila wazo. Sisi ni wanne: gitaa, kinanda, ngoma, na mimi kwenye besi. Wawili wakikubali na wawili wakikataa, hakuna wimbo, kuna kikao. Ushauri wa pili ulitoka kwa mzee mmoja aliyepiga benga miaka mingi: kila mtu aje na sehemu yake ikiwa imeiva. Kwa benga sawa, maana pale gitaa na besi zinajuana tangu zamani, moja inauliza nyingine inajibu. Kwa roki ya majaribio kama yetu, vyungu vinne vilivyoiva kila kimoja jikoni kwake havitoi pilau. Wa tatu ndio ulioniudhi: "Jiachieni tu, wimbo utakuja wenyewe." Tulijiachia miezi minne. Ulikuja usingizi.

Njia tuliyoishia nayo tumeiga kwa Can, bendi ya Cologne, Ujerumani, iliyoanza mwaka 1968. Wale walipiga kwa saa nyingi mashine ikirekodi ala zote pamoja kwenye njia mbili tu, kisha mpiga besi wao, Holger Czukay, akazikata tepu na kuunga vipande hadi vikawa wimbo. Watu wakisikia hivyo hudhani siri ni kupiga ovyo. Wapi! Njia mbili maana yake huwezi kurudi kesho kurekebisha besi peke yake. Ukikosea, umeshawaharibia wote. Kwa hiyo kila mtu hupiga kidogo na kusikiliza sana. Jaki Liebezeit, mpiga ngoma wao aliyetokea kwenye jazi huria, alijulikana kwa kushikilia mzunguko mmoja bila kuyumba, wenzake wakapata pa kukanyaga.

Masharti yetu yakawa haya: dakika 10 za mwanzo ngoma hazibadilishi mzunguko, besi ina noti mbili tu, kinanda mkono mmoja, gitaa lisiguse kordi nzima. Mtu akichoka na noti zake mbili, ananyamaza. Kunyamaza ni bure na kunasaidia kuliko unavyodhani.

Sasa, gitaa letu hupenda mzunguko wa mapigo saba juu ya mzunguko wa mapigo manne wa ngoma. Hesabu ni rahisi: zinakutana kila baada ya mapigo 28, na kwa mwendo wa mapigo 112 kwa dakika hiyo ni sekunde 15 kamili. Kwenye karatasi. Kwenye chumba, wiki tatu mfululizo tulikuwa tunapoteana kwenye mzunguko wa pili. Tulimlaumu mpiga ngoma, tukalaumu spika, tukanunua na metronomu, kile kifaa cha kugonga mwendo, hela ya bure. Mwishowe tukamweka mpiga gitaa mbele ya maiki ahesabu kwa sauti huku anapiga. Mpiga ngoma akasikiliza mara moja tu: "Wee, kwa mbili unavuta." Kweli bwana. Kuanzia moja hadi saba, kila neno lina silabi mbili, lakini "mbili" yeye alikuwa anaivuta hadi tatu: m-bi-li. Ulimi ulichelewa pale, mkono ukaufuata ulimi.

Dawa ilikuwa kuacha kuhesabu na kuagiza chakula. Cha-i, cha-i, cha-pa-ti: silabi saba, kila moja pigo lake. Na hapo tukapata zawadi ambayo hatukuiomba. Mkazo wa "chapati" uko kwenye "pa", yaani pigo la sita, siyo la tano kama vitabu vya muziki vinavyogawanya mbili, mbili, tatu. Gitaa likaanza kuchechemea pale pale, na huo mchechemeo ndio watu wanaokuja kutuuliza baada ya shoo. Kwa tano tunatumia "maji, kahawa". Nne haina haja ya chakula.

Kurekodi: maikrofoni mbili, basi. Mara ya kwanza tuliweka moja mita moja hivi kutoka ngoma ya mguu, ya pili karibu na gitaa, kama mita tatu kutoka ngoma hiyo hiyo. Kwenye hedifoni ilikuwa tamu. Tukaunganisha njia zote mbili zitoke kwenye spika moja, ngoma ya mguu ikatoweka kama imelipiwa nauli. Sababu ni umbali. Sauti ya mitetemo 80 kwa sekunde ina urefu wa wimbi wa mita 4.3 hivi, tofauti ya mita mbili na kidogo ni nusu wimbi, kwa hiyo maiki moja inavuta wakati nyingine inasukuma, zinauana. Siku hizi tunafunga kamba ya katani kwenye mguu wa ngoma hiyo na maiki zote mbili zinakaa umbali sawa, kwenye ncha ya kamba, upande huu na ule. Magodoro ukutani yanapunguza mlio wa matoazi na mwangwi. Besi yanaipitisha kwa jirani bila kuuliza. Usinunue magodoro kwa ajili ya jirani.

Kipindi cha dakika 40 kikirekodiwa kwa ubora wa kawaida wa studio kinakula karibu megabaiti 640. Nafasi ya diski siyo shida, shida ni nani atasikiliza yote. Hapa ndipo chupa ya soda inaingia. Kila mmoja ana kijiko karibu. Ukisikia kitu kizuri kimepita, kipige chupa baada ya kitu hicho, siyo katikati yake. Kwenye kompyuta mlio wa chupa unaonekana kama msumari mwembamba uliochomoza juu ya mengine; unarudi nyuma dakika moja na wimbo uko hapo. Dakika 40 zinakaguliwa kwa robo saa.

Anakata mtu mmoja, peke yake, na wimbo ujao anakata mwingine. Ana ruhusa ya kumtupa yeyote nje, hata kujitupa mwenyewe. Kila mwanabendi anaweza kuokoa kipande kimoja tu kwa kila wimbo, bila kueleza kwa nini. Kura hakuna. Kata pale ngoma ya mguu inapoanza kugonga, acha mwisho wa kipande kimoja upandane na mwanzo wa kingine kwa milisekunde 10 hadi 20, na usikate wakati toazi bado linalia. Mkia wake ukikatika hata mtoto anasikia. Sisi tulimnyang'anya mpiga ngoma toazi moja na akanuna wiki nzima. Pia angalia mwendo: tukianza na 112, dakika ya 30 tumefika 118 bila kujua, na kuunga vipande hivyo ni kama kupanda matatu inayoondoka. Tunaunga vinavyotofautiana kwa mapigo mawili, zaidi ya hapo tunaacha pengo la kimya.

Mgao wa haki za wimbo: asilimia 25 kila mtu, tunatia saini siku ile ile, kabla wimbo haujapendwa na yeyote. Can nao waliandika nyimbo kwa jina la bendi nzima.

Na chupa? Aliyekata wimbo wa tatu hakuutoa mlio wake. Ikabidi tuitafutie noti. Chupa ya mililita 300 ikigongwa tupu inalia juu. Ukiongeza maji inashuka, kinyume cha ukiipuliza. Yetu inataka vidole vitatu vya maji, na kabla ya kila shoo tunapima upya kwa sababu mpiga kinanda huyanywa.